Mtu Mzima Aliyeuzwa Mbele ya Kibanda cha Dengu

Hapa kwetu Velabrum, mtaa wa Roma, Numerius Tapponius alisikika kabla hajaonekana. Kazi yake ilikuwa kumtangulia hakimu wa mji. Begani alibeba tita la fimbo lililofungwa kwa ukanda mwekundu, mkononi alishika ufito mmoja mrefu, na mdomoni alikuwa na neno moja tu, nalo lilitosha: "Pisheni!" Likishatamkwa hilo, wapagazi walijibanza ukutani, wapanda nyumbu walishuka, mabwana wenye majoho meupe walifunua vichwa vyao, na hata mbwa wa mchinjaji, ambaye hakuwa na adabu kwa mtu mwingine yeyote, aliingia uvunguni mwa meza. Nyuma ya Numerius na mwenzake Gavius ndipo alipokuja hakimu mwenyewe, mtu mfupi mwenye mafua yasiyokwisha, ambaye bila matita yale mawili pengine angekanyagwa.

Aliyemwona Numerius akifanya kazi hiyo asubuhi asingeamini kwamba jioni ileile angemkuta amesimama mbele ya mzee mwenye blanketi magotini, akiomba ruhusa ya kununua viatu.

"Vya zamani vimefanya nini?" aliuliza Mzee Servius, baba yake.

"Vimetoboka, baba."

"Vimetoboka wapi?"

"Kisiginoni."

"Basi tembea kwa vidole. Vidoleni si vizima?"

Numerius alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Sheria yetu, hata hivyo, haitazami mvi. Baba akiwa hai, na kama hajamwacha huru mwanawe kwa taratibu zinazojulikana, mwana ni wa baba. Mshahara wa Numerius ulikuwa wa Mzee Servius, joho lake la kazi lilikuwa la Mzee Servius, na kama angeokota kuku barabarani, yai la kuku huyo lingekuwa la Mzee Servius kabla halijapoa.

Si kwamba mzee alikuwa mkatili. Alikuwa ameendesha nyumbu maisha yake yote, na maisha yake yote alikuwa amesukumwa kando ya njia na watu wenye fimbo. Siku moja, enzi za ujana wake, mtangulizi wa hakimu fulani alimsogeza kwa kiwiko hadi akaangukia mtaroni pamoja na makapu mawili ya tini, na watu wakacheka, na hakimu akapita bila kugeuza shingo. Mzee Servius hakuwahi kuisahau sauti ya tini zile zikianguka. Mwanawe alipopata kazi ya fimbo, mzee alikaa mlangoni siku nzima akimweleza kila mpita njia: "Hakimu ana watangulizi wawili. Lakini mmoja wao ni wangu."

Naye alimtumia. Jioni, alipokuwa akienda choo cha umma, Mzee Servius hakukubali kwenda peke yake kama watu wengine. Numerius alilazimika kumtangulia na fagio begani, kwa kuwa tita la fimbo ni mali ya umma na halichezewi, akiita kwa sauti ya chini, "Pisheni, pisheni." Sisi majirani tulipisha. Tulipisha tukiwa tumeziba midomo kwa viganja, lakini tulipisha.

Mtu wa kwanza kutompisha Numerius alikuwa Rubria. Huyu alikuwa mjane aliyeuza dengu na soseji katika kibanda kilicho kwenye kona ya dobi. Asubuhi moja alikuwa akivuka kichochoro na sufuria ya moto mikononi, watangulizi wakatokea mbele yake, naye akasimama palepale.

"Mama, pisha," alisema Numerius. "Hakimu anapita."

"Apite. Nimemshika?"

"Njia ni nyembamba, mama."

"Basi ajikunje. Mimi sufuria yangu haikunjiki."

Mtangulizi anaweza kumsukuma mfanyabiashara, askari mstaafu, hata bwana mwenye watumwa mia. Lakini mama wa heshima, aliyeolewa au mjane, haguswi kwa mkono wala kwa ufito. Numerius alimtazama Gavius. Gavius alitazama mawingu. Hakimu alipiga chafya, akakusanya joho lake, akapita ubavu ubavu kati ya Rubria na ukuta, akatokea upande wa pili begani akiwa mweupe kwa chokaa.

Kesho yake Numerius alikwenda kibandani kumwonya yule mama. Alimwonya huku akila bakuli la kwanza, akaendelea kumwonya huku akila la pili, na kufikia la tatu maonyo yalikuwa yamekwisha na wawili hao wakawa wanacheka. Baada ya miezi michache mtaa mzima ulijua kwamba wanataka kuoana.

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu mwana aliye mikononi mwa baba haoi bila baba kusema ndiyo.

"Baba, nataka kuoa."

"Nani?"

"Rubria. Yule mama wa dengu."

Mzee Servius alifikiri. "Dengu zake nzuri."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Nimesema dengu. Wewe sijakusema."

Tangu siku hiyo Numerius aliomba kila jioni, na kila jioni mzee alikataa kwa sababu mpya. Kunguru alikuwa amelia upande usiofaa. Mwezi huu si wa kuoa, na mwezi ujao ni mbaya zaidi. Rubria ana mikono mikubwa. Sababu yenyewe hakuitaja, ingawa kila mtu aliijua: Numerius akioa, angehamia chumba cha juu ya kibanda, na Mzee Servius angebaki na fagio lisilo na mtu wa kulibeba.

Rubria kwa upande wake hakuwa na kizuizi. Baba yake alikwisha kufa, mume alikwisha kufa, na msimamizi wake kwa mujibu wa sheria alikuwa shemeji yake, ambaye alipaswa kuidhinisha mambo yake makubwa, naye aliidhinisha jambo lolote mradi mdomo wake uwe umejaa soseji.

"Mimi niko tayari," Rubria alimwambia Numerius. "Lakini sitakaa nikingoja mzee afe. Si vizuri kumngoja mtu afe huku unamuuzia dengu kila siku. Unaanza kuangalia rangi ya uso wake."

Walikuwa wamekaa kibandani alasiri hiyo, kazi za mahakama zimekwisha, na Numerius amekunja mikono ya nguo kwa sababu ya joto la jiko. Rubria aliona kovu refu mkononi mwake, karibu na kiwiko.

"Hili nalo ni la nini? Ulipigana?"

"Hapana, ni tanuri. Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Ule mwaka wa njaa baba aliniuza kwa Maesius, fundi wa vigae ng'ambo ya mto Tiber."

"Alikukodisha, unataka kusema."

"Aliniuza. Nakumbuka vizuri. Kulikuwa na mtu wa mizani, na mashahidi, na Maesius alinishika sikio akalivuta kweli kweli. Nilikaa naye nikibeba vigae hadi mavuno. Mwaka ulipokuwa mzuri akaniachia mbele ya hakimu, nikarudi kwa baba."

Rubria aliweka upawa chini polepole.

"Numerius."

"Naam."

"Wewe si unasimama mahakamani kila siku?"

"Kila siku."

"Na huwa unasikia mambo ya sheria?"

"Nasikia. Ila kazi yangu mimi ni kuangalia mlango."

"Baba akimuuza mwanawe mara ngapi ndipo anapoteza mamlaka juu yake?"

"Mara tatu," alisema Numerius. "Hilo hata mtoto mdogo analijua. Zile Mbao Kumi na Mbili za sheria zinasema..." Kisha akatazama kovu lake kana kwamba limemwita jina.

"Zimebaki mbili," alisema Rubria.

Numerius alitikisa kichwa. Baba hatakubali, alisema. Watu wote wanajua kwamba ukitaka kumwacha huru mwanao unamuuza mara tatu kwa rafiki, na rafiki anamwachia mara tatu. Mzee akisikia tu neno mizani atajifungia ndani.

"Akisikia mara tatu atajifungia," alisema Rubria. "Akisikia mara mbili je?"

"Lakini huko ni kumdanganya baba yangu."

"Nani amdanganye? Mimi sitatamka uongo hata mmoja. Kazi ya kusahau ataifanya mwenyewe."

Mzee Servius alikuja kibandani siku iliyofuata kama kawaida yake, akakaa kwenye benchi, akagonga meza. Pembeni yake alikaa Tuccius, dobi wa kona, mtu mnene mwenye miguu myeupe kwa kukanyaga nguo mapipani. Rubria alikuwa amekwisha kuzungumza na Tuccius.

"Mzee wangu," Tuccius alianza, "enzi zenu baba walikuwa baba kweli. Siku hizi mamlaka ya baba yamebaki mdomoni."

"Ya nani yamebaki mdomoni?"

"Ya baba wote. Wanapiga kelele, basi. Zamani baba alikuwa akimshika mwanawe mkono anampeleka sokoni anamuuza, na hakuna wa kumwuliza. Nani anaweza leo?"

"Mimi naweza."

"Unaweza kusema."

"Mwache mzee," alidakia Rubria akimwaga mafuta ya zeituni juu ya dengu. "Hata angetaka, nani atamnunua Numerius? Mgongo umepinda, na anakula mabakuli matatu."

Mzee Servius alisukuma bakuli lake. "Umepinda wapi? Yule ni mtu wa serikali! Ana sauti ya kusimamisha mkokoteni! Mimi nikimtoa leo sokoni watu watapigana ngumi."

"Mimi ningemchukua," alisema Tuccius kwa unyonge. "Lakini huwezi, mzee wangu. Usijisumbue."

"Siwezi? Haki ya Hercules! Kesho asubuhi, hapa hapa, mbele ya kibanda hiki! Lete mizani yako!"

"Mara moja hata mlevi huuza, halafu kesho yake analia."

"Basi mara mbili! Asubuhi moja, mara mbili, mbele ya macho yenu!" Kisha mzee akainua kidole na kutabasamu, kwa kuwa hakuwa mjinga. "Lakini ya tatu hamnipati. Msidhani sijui sheria. Ya kwanza anarudi kwangu, ya pili anarudi kwangu. Mkinisikia nataja ya tatu, nizikeni, kwa maana nitakuwa nimekwisha kufa."

"Mara mbili zinatosha kabisa, mzee wangu," alisema Rubria, naye hakuwa amesema uongo.

Asubuhi yake mtaa ulikuwa umejaa. Walipatikana mashahidi watano, wote raia na watu wazima: mchinjaji, washona viatu wawili, muuza jibini, na shemeji wa Rubria akiwa na soseji yake. Mtu wa mizani alikuwa kinyozi. Mzee Servius alikuja amevaa joho lake la harusi, lenye harufu ya majani ya kufukuza nondo, akakaa kwenye kigoda katikati ya njia. Numerius alisimama mbele yake akiwa ameomba ruhusa kazini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kung'olewa jino.

Tuccius alimshika mkono. "Natamka kwamba mtu huyu ni wangu kwa sheria ya Warumi, nami nimemnunua kwa shaba hii na mizani hii," alisema, akagonga mizani kwa kipande cha shaba, akampa mzee kipande hicho. Watu walipiga makofi. Mzee Servius aliinamisha kichwa huku na huku kama jemadari aliyerudi na mateka.

"Sasa huyu ni wangu?" aliuliza Tuccius.

"Ni wako," alisema mchinjaji. "Tumeona."

"Numerius, niite bwana."

"Bwana."

"Tangulia mbele yangu hadi kwenye mtungi wangu wa mkojo wa kufulia, pale kwenye kona, kisha urudi. Na useme pisheni."

Numerius alitangulia. Tuccius alifuata nyuma akiwa ametoa kitambi mbele, akiwasalimia wanawake madirishani, na mtaa mzima ulikuwa hoi kwa vicheko. Mzee Servius peke yake hakucheka.

"Inatosha!" alipaza sauti. "Usimchoshe! Ni wa kuazima!"

"Si wa kuazima, mzee wangu, nimenunua. Shaba unayo mkononi."

Sheria inaruhusu hakimu kumwachia mtu popote pale, hata njiani akienda kuoga, na kila mtu alijua saa ambayo hakimu wetu hupita kwenda hamamu. Alikuja na mtangulizi mmoja tu siku hiyo, kwa sababu wa pili alikuwa anauzwa. Tuccius alimweleza anachotaka. Hakimu alipangusa pua, akaitikia kwa kichwa. Gavius alimwekea mwenzake ufito kichwani na kusema, "Nasema mtu huyu ni huru," Tuccius akamgeuza Numerius na kumwachia, hakimu akasema, "Naam," na mara hiyo hiyo Numerius akawa amerudi mikononi mwa baba yake, kama ilivyo sheria.

"Mmeona?" alisema Mzee Servius. "Anaondoka, anarudi. Kama njiwa. Haya, ya pili! Bwana hakimu, subiri kidogo, hii haichukui muda."

Hakimu, ambaye hakuzoea kuambiwa asubiri kidogo, alisubiri.

Tuccius alishika tena mkono wa Numerius. Kinyozi aliinua mizani. Na hapo Numerius, ambaye usiku mzima hakupata usingizi, alifungua mdomo.

"Baba, kabla hujaniuza, kuna jambo nataka kukukumbusha..."

"Nyamaza!"

"Ni kuhusu zamani, baba, ule mwaka..."

"Nimesema nyamaza! Umesikia wapi bidhaa ikisema? Nyumbu wangu wote niliouza, hakuna hata mmoja aliyetoa hotuba!"

Watu walicheka. Numerius alinyamaza. Kwa miaka hamsini na mitatu alikuwa hajawahi kuvunja amri ya baba yake, wala hakuona sababu ya kuanza asubuhi ile. Shaba iligonga mizani. Tuccius alimpeleka mbele ya hakimu, Gavius akainua ufito, maneno yakatamkwa, Tuccius akaachia mkono.

"Imekwisha," alisema Mzee Servius, akainuka na kujinyoosha. "Nani tena anasema mamlaka ya baba yamebaki mdomoni? Numerius, chukua kigoda, twende nyumbani."

Numerius hakusogea.

"Kigoda, nimesema."

"Mzee wangu," alisema Rubria kutoka kibandani, "huyu si wako tena."

Akatoka, akijifuta mikono, akaeleza mbele ya hakimu. Hakutumia maneno mengi. Mwaka wa njaa, ng'ambo ya Tiber, Maesius fundi wa vigae, mizani, mashahidi, sikio kuvutwa. Ile moja, na hizi mbili. Alimgeuza Numerius na kuonyesha kovu lake.

Zogo lililofuata lilifika hadi mtoni. Mchinjaji alisema ya zamani haihesabiwi. Muuza jibini alisema inahesabiwa, sheria haiozi. Washona viatu walishikana mashati. Tuccius aliuliza kwa hofu kama sasa yeye ndiye mlezi wa Numerius na kama atatakiwa kumlisha. Mzee Servius alikaa tena kwenye kigoda, mdomo wazi, akimtazama Rubria kama mtu anavyomtazama nyumbu aliyeanza kusoma.

Hakimu aliinua mkono, Gavius akagonga fimbo chini, watu wakanyamaza.

"Mashahidi wa wakati ule wako wapi?"

"Wamekufa wote, bwana hakimu," alisema Rubria.

"Huyo Maesius?"

"Amekufa. Tanuri lake limekuwa zizi la mbuzi."

"Mwana mwenyewe alikuwa mtoto. Mtoto anaweza kuchanganya kuuzwa na kukodishwa." Hakimu alipiga chafya, akamgeukia Mzee Servius. "Basi limebaki neno lako, mzee. Uliwahi kumuuza mwanao kabla ya leo, au hukumuuza?"

Kila mtu alielewa. Mzee angesema hapana, na hakuna ambaye angeweza kumpinga. Numerius angechukua kigoda, na jioni angechukua fagio, na Rubria angerudi kukoroga dengu hadi mmoja wao afe. Numerius alikuwa ameinamisha kichwa. Rubria alikuwa amekamata kiguzo cha kibanda.

Mzee Servius alifungua mdomo ili aseme hapana. Tuliona midomo ikijipanga. Kisha akaufunga.

Alikuwa ameona kitu. Mbele yake alisimama hakimu wa mji wa Roma, mwenye uwezo wa kumfunga mtu na kumfungua, na hakimu huyo alikuwa anangoja. Gavius na fimbo zake alikuwa anangoja. Nyuma yao mikokoteni miwili, kiti cha kubebwa cha bwana fulani mnene na watumwa wake wanne, na punda wenye mizigo ya mafuta, wote walikuwa wamesimama njiani wakingoja Mzee Servius Tapponius, mwendesha nyumbu, aseme neno moja.

"Naomba maji," alisema mzee.

Akaletewa maji. Akanywa polepole, akaomba yachanganywe na divai kidogo. Yakachanganywa.

"Jua linanipiga usoni. Huyo mwenye fimbo asogee hapa."

Gavius alimtazama hakimu. Hakimu alipumua kwa nguvu, akaitikia. Gavius alisogea na kumkinga mzee jua kwa tita la umma.

"Mzee," alisema hakimu, "maji ya hamamu yanapoa."

"Yatapashwa, mwanangu. Mimi nikumbuke jambo la miaka arobaini sijapashiwa hata uji?"

Mzee alimaliza kikombe, akakigeuza chini juu kuhakikisha kwamba kimekwisha. Kisha alimtazama Numerius, na macho yake yakashuka hadi kwenye kovu, yakabaki hapo.

"Sikio lilikuwa la kushoto," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Maesius alikuvuta la kushoto, ukanitazama mimi, nikatazama pembeni. Ndani hapakuwa na unga. Mama yako hakusema nami hadi mavuno." Akageuka kwa hakimu na kunyoosha shingo. "Nilimuuza, bwana hakimu. Kwa mizani na mashahidi watano, kama Mrumi. Mtu asije akasema hapa kwamba Servius Tapponius alimkodisha mwanawe kama mkokoteni. Nilimuuza kabisa, na bei haikuwa mbaya."

"Basi zimekuwa tatu," alisema hakimu. "Mwana ametoka katika mamlaka ya baba yake, ni huru. Naam." Akaondoka haraka kuelekea hamamu, Gavius akikimbia mbele na kuita pisheni kwa sauti ya watu wawili.

Vifijo vilipotulia, Numerius alibaki amesimama katikati ya njia akiangalia mikono yake, kama mtu aliyepewa mikono mipya na haijui bado. Rubria alikuwa analia na kumpiga Tuccius mgongoni. Mzee Servius aligonga kigoda kwa kiganja.

"Njoo hapa."

Numerius alikwenda.

"Sasa unataka kuoa?"

"Ndiyo, baba."

"Hujaniomba ruhusa."

"Sihitaji tena, baba. Sheria inasema..."

"Inasemaje najua, mimi ndiye niliyekuuza. Sikuulizi unahitaji nini. Nakwambia niombe."

Watu walisogea kusikiliza. Shemeji wa Rubria aliacha kutafuna. Numerius alipiga goti moja kwenye vumbi, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, huru kuliko alivyowahi kuwa maishani mwake, akasema, "Baba, naomba ruhusa nimwoe Rubria."

Mzee Servius alitafakari. Alitazama kibanda, akatazama mikono ya Rubria, akatazama juu kutafuta kunguru.

"Hapana," alisema kwa raha kubwa.

Walioana mwezi uleule. Mzee alilazwa kwenye kochi la heshima, karibu na sahani ya nguruwe, amevaa lile joho lenye harufu ya majani ya nondo, na alikula kuliko bwana harusi. Kila mgeni aliyeingia alivutwa nguo na kuinamishwa hadi karibu na mdomo wake.

"Unaona sherehe yote hii?" alinong'ona. "Mimi nilikataa."